Uzi wa ma-DBA (wasimamizi wa hifadhidata): kabla ya kozi nyingine, jifunze kurudisha data iliyopotea

MrejeshaData (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Swali linalojirudia kila kukicha ni hili: "Nataka kuwa DBA, nianze na kozi gani?" Majibu nayo hayabadiliki. Orodha ya video, orodha ya vyeti, na PDF nene ambayo hata aliyeituma hajaifungua. Nimeona niandike kwa urefu, kwa sababu naamini tunawaanzisha wageni kwenye mambo ya ngazi ya tatu huku ya kwanza hawajaikanyaga.

Msimamo wangu ni huu. U-DBA unaanza pale unapoweza kuichukua data iliyofutwa, ukairudisha, na ukamwambia bosi kabla hujaanza kwamba kazi itachukua saa ngapi na kitakachokosekana ni kiasi gani. Indeksi (orodha ya kutafutia rekodi haraka), replika (nakala hai inayoifuata seva kuu), kusoma mpango wa kweri (swali unaloiuliza hifadhidata), kupanga kumbukumbu ya seva, yote hayo nayapenda na tutayagusa humu. Ila mfumo ukiwa mzito watu wananung'unika tu na kuendelea na kazi. Data ikipotea hakuna kazi ya kuendelea nayo.

Kwa mgeni kabisa, somo la kwanza ninalompa ni kisa cha GitLab (huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu) cha tarehe 31 Januari 2017. Wenyewe walikiandika hadharani, hatua kwa hatua, na kwangu hakuna darasa zuri zaidi ya lile. Replika yao ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ilikuwa imebaki nyuma mno, mhandisi akawa anajaribu kuijenga upya usiku. Ili kuanza upya alitakiwa afute folda ya data kwenye seva ya pili. Amri akaipiga kwenye seva ya kwanza, ile inayohudumia watumiaji. Alishtuka baada ya sekunde moja mbili akaikatisha, lakini kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki kama GB 4.5.

Hapo ndipo wengi wanapoachia kusoma, wanasema "jamaa alikuwa amechoka". Endelea kusoma, utamu uko mbele. Bakapu (nakala za akiba) za kila siku za pg_dump, programu ya kunakili hifadhidata, zilitakiwa ziwe zimelala S3, hifadhi ya wingu ya Amazon. Walipofungua wakakuta hamna kitu. Sababu: programu ya pg_dump iliyokuwa ikiitwa ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati seva ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila ikiitwa inakataa na kutoka. Taarifa za kufeli zilikuwa zikitumwa kwa barua pepe, na barua pepe zenyewe zilikuwa zikikataliwa na seva ya kupokea kwa sababu ya DMARC, kanuni za kuthibitisha mtumaji. Yaani bakapu imekufa, na kengele ya kusema imekufa nayo imekufa. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM (picha ya diski ya wakati mmoja) ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa ya kujaza seva ya majaribio. Kuikopia tu kurudi kwenye seva kuu kulichukua karibu saa 18 kwa sababu diski za kule zilikuwa za kasi ndogo.

Angalieni hiyo saa 18. Bakapu ilikuwepo, nzima, na bado mfumo wao ulikaa bila kufanya kazi siku nzima. Ndiyo maana nasema ujue muda, usijue tu kwamba faili lipo.

Sasa zoezi. Fanya kwenye kompyuta yako, si kazini:

Sakinisha PostgreSQL, tengeneza hifadhidata, uijaze kwa `pgbench -i -s 50`. Hiyo inakupa jedwali la pgbench_accounts lenye rekodi milioni 5, linatosha kuhisi uzito. Washa `archive_mode`, weka `archive_command` inayokopia mafaili ya WAL (logi ya kila badiliko) kwenda folda nyingine. Chukua bakapu ya msingi kwa `pg_basebackup`. Acha pgbench ipige miamala kwa muda. Andika saa kamili kwenye karatasi. Kisha piga `DELETE FROM pgbench_accounts` bila WHERE, bila huruma. Baada ya hapo iue seva kwa `pg_ctl stop -m immediate`, jifanye mashine imeungua, na uirudishe kutoka kwenye bakapu ya msingi mpaka ile saa uliyoiandika: `restore_command`, `recovery_target_time`, na faili tupu la `recovery.signal`. Kuanzia toleo la 12 hakuna tena recovery.conf, ukiona maelekezo yanayolitaja ujue ni ya zamani.

Usitafute video. Fungua nyaraka rasmi, sura ya bakapu na urejeshaji, uhangaike nayo. Ukikwama rudi hapa useme umekwama wapi.

---

nusu_terabaiti

Mkuu asante kwa uzi. Swali langu: sisi tuna seva kuu moja na replika mbili, kila moja kwenye jengo tofauti. Kwa mazingira hayo bakapu si mzigo tu wa diski?

---

MrejeshaData

Ndugu, hapana kabisa. Replika inakulinda na kifo cha mashine. Haikulindi na amri mbaya. Ukipiga DROP TABLE kwenye seva kuu, replika zako mbili zitaitii amri hiyo hiyo kabla hujainua kidole kwenye kibodi. Sasa unazo nakala tatu za hifadhidata isiyo na jedwali.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda: replika moja icheleweshwe makusudi. PostgreSQL ina `recovery_min_apply_delay`, MySQL ina `SOURCE_DELAY`, zamani ikiitwa `MASTER_DELAY`. Ukiweka saa moja, una saa moja ya kugundua na kuisimamisha kabla kosa halijafika. Lakini hiyo ni nyongeza. Bakapu inabaki, na iwepo nakala mahali ambapo mwenye nywila za seva kuu hawezi kuifuta.

---

mzee_wa_logi

Niongezee upande wa SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, maana humu PostgreSQL imetawala.

Vijana wengi wanategemea `RESTORE VERIFYONLY` na kulala usingizi. Amri ile inakagua kwamba bakapu imekamilika na inasomeka. Haikwambii kama muundo wa data ndani yake ni mzima. Uthibitisho ni mmoja tu: irejeshe kwenye seva nyingine, halafu piga `DBCC CHECKDB` juu yake. Andika skripti ifanye hivyo kila wiki usiku, na ikutumie ripoti ikifaulu pia. Ikikutumia ikifeli tu utafika mahali pale pale pa GitLab: kimya utakitafsiri kuwa ni salama.

La pili ni kero ya kila mwezi. Hifadhidata iko kwenye hali ya FULL (logi inatunza kila badiliko mpaka ichukuliwe bakapu yake), bakapu nzima inachukuliwa kila usiku, lakini hakuna anayechukua bakapu ya logi. Faili la logi linavimba mpaka diski inajaa, mtu anakuja na amri ya kulipunguza, linapungua, linavimba tena. Bakapu nzima hailipunguzi logi. Ama uchukue bakapu za logi kila dakika 15 hivi, ama ukubali kwa maandishi kwamba unaweza kupoteza siku nzima ya kazi na uhamie SIMPLE, hali ambayo logi inajisafisha yenyewe. Uamuzi huo si wa DBA peke yake, mwenye data aweke saini.

Kwa wa MySQL: mysqldump bila `--single-transaction` kwenye majedwali ya InnoDB (injini ya kawaida ya MySQL) ni kujitafutia ugomvi na watumiaji, kwani majedwali yatafungwa wakati nakala inachukuliwa. Na binlog (logi ya mabadiliko) muiwashe, ndiyo itakayowafikisha kutoka saa ya bakapu mpaka dakika ya ajali.

---

kufuli_wazi

Shikamoo mzee, na hongera mwanzisha uzi. Nakubaliana na urejeshaji kuwa wa kwanza, ila mie kazini kinachoniamsha usiku mara nyingi ni makufuli, yaani kweri moja kushikilia jedwali na kuizuia nyingine. Nielezee tukio moja kwa karibu maana halielezwi vizuri kwenye kozi.

Developa anataka kuongeza kolamu kwenye jedwali la oda. Amesoma, anajua kwamba tangu PostgreSQL 11 kuongeza kolamu yenye thamani ya kuanzia isiyobadilika hakuandiki upya jedwali zima, ni jambo la milisekunde. Kweli. Anapiga `ALTER TABLE`, saa nne asubuhi, mfumo mzima unaganda.

Kilichotokea: kulikuwa na ripoti ya mtu wa hesabu, SELECT ya kawaida tu, imeanza dakika ishirini nyuma. SELECT inashika kufuli jepesi. ALTER inataka kufuli kali kuliko yote, kwa hiyo inasubiri ripoti imalize. Hapo hakuna tatizo bado. Tatizo ni kwamba kila SELECT mpya inayokuja baada ya ALTER nayo inapanga foleni nyuma yake, kwa sababu inagongana na kufuli linaloombwa. Ni kama mlango ambao mtu aliyebeba meza kubwa amesimama akisubiri pawe wazi. Nyuma yake hata aliyebeba bahasha tu hapiti. Sekunde thelathini tu, miunganisho yote 100 ya kiwango cha kawaida imejaa.

Dawa ni mstari mmoja kabla ya ALTER:

`SET lock_timeout = '2s';`

Isipopata kufuli ndani ya sekunde mbili inajitoa, foleni inapita, unajaribu tena baadaye. Tunaandika skripti ijaribu yenyewe mara kadhaa kwa kupumzika. Na kwa indeksi kwenye jedwali linalotumika, `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, ukijua kwamba ikifeli katikati inaacha indeksi batili ambayo lazima uifute mwenyewe.

Ukiwa tayari ndani ya moto, kuna `pg_blocking_pids()`. Ipe namba ya mchakato uliokwama, itakutajia nani kaushikilia. Mara nyingi utamkuta mtu yuko katika hali ya `idle in transaction`: alifungua muamala, akasasisha rekodi mbili, akaenda zake bila COMMIT (kuukamilisha muamala). Weka `idle_in_transaction_session_timeout`, watalalamika wiki ya kwanza, kisha watarekebisha programu zao.

---

MrejeshaData

Dada umemaliza. Hiyo ya foleni nyuma ya ALTER naiweka kwenye maswali ya usaili. Asiyeweza kueleza kwa nini SELECT inaisubiri ALTER ambayo yenyewe haijaanza, bado hajawahi kukaa zamu.

---

mgeni_wa_sql

Wakuu mimi ni mgeni, niko kwenye ajira yangu ya kwanza. Kweri yangu ni nzito sana na indeksi nimeweka. Seva ina RAM ya kutosha. Naombeni msaada.

---

mzee_wa_logi

Kijana, karibu. Lakini hivyo ulivyouliza hakuna anayeweza kukusaidia isipokuwa mpiga ramli. Kokote utakapouliza, humu, kwenye dba.stackexchange au kwenye orodha ya barua ya pgsql-general, lete vitu hivi: toleo la hifadhidata, muundo wa jedwali pamoja na indeksi zake, kweri yenyewe kama ilivyo, na matokeo ya `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`. Usilete picha ya skrini, bandika maandishi. Na majina ya wateja halisi yaondoe kwanza.

Jihadhari, ANALYZE inaiendesha kweri kweli kweli. Kama ni DELETE au UPDATE, izungushie BEGIN na ROLLBACK.

---

mgeni_wa_sql

Samahani mzee, shikamoo. PostgreSQL 15. Jedwali la malipo lina rekodi milioni 12, lina indeksi kwenye kolamu ya `tarehe` ambayo ni timestamp. Kweri:

`SELECT * FROM malipo WHERE tarehe::date = '2024-03-01';`

Matokeo, nimepunguza:

`Parallel Seq Scan on malipo (rows=25000) (actual rows=2971 loops=3)`
`Filter: ((tarehe)::date = '2024-03-01'::date)`
`Rows Removed by Filter: 3997029`
`Buffers: shared read=190480`

---

MrejeshaData

Safi sana, sasa tunazungumza. Tusome pamoja, na wengine wafuatilie, maana hapa mistari minne ina masomo manne.

`loops=3` maana yake kazi imegawanywa kwa michakato mitatu (wafanyakazi wawili na kiongozi wao), na namba unazoziona ni wastani wa kila mmoja. Zidisha kwa tatu: rekodi kama 8,913 zimepatikana, milioni 11.99 zimetupwa. Seva imesoma jedwali zima ili ikupe elfu tisa.

`read=190480` ni kurasa, kila ukurasa KB 8. Hiyo ni karibu GB 1.5 imevutwa kutoka nje ya kashe ya PostgreSQL kwa swali la siku moja. RAM yako ya kutosha haijasaidia, na kama `shared_buffers` iko kwenye MB 128 ulizoikuta nazo baada ya kusakinisha, isingesaidia.

Makisio: mpangaji alidhani kila mfanyakazi atapata 25,000. Namba hiyo haikutoka hewani. Ukiifunga kolamu ndani ya kigeuzi kama `::date`, takwimu za kolamu hazitumiki tena, mpangaji anabahatisha kwamba nusu asilimia ya jedwali itafaa. Nusu asilimia ya milioni 12 ni 60,000, akigawa kwa wafanyakazi wawili na kiongozi anayehesabiwa kama 0.4, inakuja 25,000. Ukiona makisio yaliyonyooka namna hiyo shtuka, mara nyingi ni dalili ya kubahatisha.

Na sababu ya indeksi kuachwa: indeksi yako imepanga `tarehe`, wewe unauliza `tarehe::date`. Kwa hifadhidata hivyo ni vitu viwili tofauti. Andika hivi:

`WHERE tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-03-02'`

Jaribu utuletee majibu. Usitumie BETWEEN hapo, itakuchukulia na saa sita kamili ya usiku wa siku inayofuata.

---

mgeni_wa_sql

Jamani! Index Scan, milisekunde chache. Nilikuwa tayari nimeomba tuongezewe seva. Naweka indeksi kwenye kolamu zote zilizobaki sasa hivi.

---

kufuli_wazi

Weeee, subiri kwanza mdogo wangu. Kila indeksi inalipiwa kila unapoingiza rekodi, na mara nyingi unaposasisha. Angalia `pg_stat_user_indexes`, utakuta indeksi zenye `idx_scan` sifuri tangu takwimu zilipoanza kuhesabiwa. Hizo ndizo za kufikiria kufuta. Ila kagua na replika pia, kwa sababu hesabu hizo kila seva ina zake: indeksi isiyoguswa kwenye seva kuu inaweza kuwa ndiyo inayobeba ripoti zote za replika. Na za UNIQUE usizifute kwa sababu ya sifuri, kazi yake ni kuzuia marudio.

Ukianza kuweka, anza na `pg_stat_statements`, inayohesabu muda wa kila kweri. Panga kwa muda wa jumla, usipange kwa wastani. Kweri ya milisekunde 5 inayoitwa mara milioni kwa siku inakula seva kuliko ripoti ya sekunde 40 ya mara moja kwa wiki.

---

jedwali_refu

Nimeusoma uzi wote nikaona hakuna aliyegusa vitu vinavyojaa polepole, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vinavyotofautisha DBA na mtu anayejua SQL.

Kolamu ya id ya aina ya integer inaishia 2,147,483,647. Kampuni ya Basecamp walifika hapo Novemba 2018, mfumo ukabaki wa kusoma tu kwa saa kadhaa wakati wanabadilisha kwenda bigint. Wasanifu wazuri, wenye jina, na namba iliwakuta. Leo hii nenda kaangalie sequence (kaunta za id) zako ziko wapi. Jedwali jipya anza na bigint, hizo baiti 4 za ziada hazina wa kumfilisi.

Kingine kwa PostgreSQL ni namba za miamala. Ni za biti 32, zinazunguka. Kama VACUUM (usafishaji wa rekodi zilizokufa) haijazigandisha rekodi za zamani, hifadhidata ikikaribia ukingo inakataa kuandika chochote ili isije ikapoteza data. Kampuni ya Sentry iliwakuta 2015. Amri ya kuchungulia:

`SELECT datname, age(datfrozenxid) FROM pg_database ORDER BY 2 DESC;`

Ikishapita milioni 200, autovacuum inaanza yenyewe kwa lazima, hata kama umeizima. Ikielekea bilioni 2, usisome uzi huu, nenda kazini.

Na hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Mfumo unakuwa mzito, mtu anaona autovacuum inafanya kazi, anaizima. Kinyume chake! Kwa kawaida inasubiri asilimia 20 ya jedwali iwe mizoga. Kwenye jedwali la rekodi milioni 100 hiyo ni mizoga milioni 20 kabla haijaamka. Ikiamka ina mlima, ndiyo maana unaihisi. Iamshe mapema:

`ALTER TABLE oda SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.01);`

Kwa wa MySQL, fupi tu: `utf8` yake ya zamani inabeba baiti 3 kwa herufi, emoji inahitaji 4. Tumieni utf8mb4, iko tangu 2010 na toleo la 8.0 ndiyo chaguo la kuanzia.

---

nusu_terabaiti

Wakuu mnaongea kama bado tunanunua seva. Siku hizi si unakodi RDS, huduma ya hifadhidata ya wingu ya Amazon, bakapu na kila kitu kinafanyika chenyewe? Kuna haja gani ya kumfundisha kijana pg_basebackup? Afadhali apate cheti cha wingu, maisha yasonge.

---

MrejeshaData

Swali la haki, na nusu yake nakubali. Kupachika viraka, kubadilisha diski iliyokufa, kuhamia replika seva kuu ikianguka: hayo wakifanya wao, nashukuru. Cheti nacho kina kazi yake, kinapita kwenye mchujo wa maombi ya kazi.

Lakini angalia yote yaliyosemwa humu. ALTER ya saa nne asubuhi, `tarehe::date`, integer iliyojaa, muamala ulioachwa wazi. Hakuna hata moja ambalo RDS italirekebisha. Bakapu zao za kujiendesha zinakaa siku 35 kwa upeo. Jedwali lililofutwa kimya kimya miezi miwili iliyopita hutalikuta. Na urejeshaji wao wa mpaka dakika fulani unakupa seva mpya yenye anwani mpya. Programu zako zitaelekezwaje kule, kwa dakika ngapi, na nani mwenye ruhusa? Hayo hayamo kwenye ankara yao. Kijana aliyefanya zoezi la pg_basebackup anajua cha kuuliza.

---

mgeni_wa_sql

Nimefanya zoezi la mkuu. Nimekwama mara mbili. Kwanza seva ilikataa kuwaka kabisa, ikaandika `recovery ended before configured recovery target was reached`. Nikarudia zoezi lote, sasa imewaka, rekodi milioni 5 zimerudi zote, lakini nikijaribu kuandika inakataa, inasema ni ya kusoma tu. Je, nimeharibu?

---

MrejeshaData

Hujaharibu, na umekutana na vitu ambavyo hakuna kozi ingekuonyesha.

La kwanza: faili la WAL lina MB 16, na halipelekwi kwenye akiba mpaka lijae au mtu alifunge. Uliiua seva kwa `immediate`, kwa hiyo faili la mwisho, lenye mwisho wa ile DELETE, halikufika. Seva ikasoma mpaka mwisho wa ilichonacho bila kuiona saa uliyoitaja, ikagoma. Tabia hiyo ya kugoma ni ya tangu toleo la 13. Kwenye zoezi unaweza kupiga `SELECT pg_switch_wal();` kabla ya kuiua. Kwenye seva halisi weka `archive_timeout`, maana kwenye mfumo wenye pilika chache MB 16 zinaweza kuchukua saa nyingi kujaa, na saa hizo zote ndizo utakazopoteza.

La pili: ikifika saa uliyoitaja inasimama makusudi ili uchungulie kama data ndiyo yenyewe. Ukiridhika piga `SELECT pg_wal_replay_resume();` itafunguka. Kisha chukua bakapu mpya ya msingi hapo hapo, usingoje usiku.

---

mzee_wa_logi

Vizuri kijana, wengi wa cheo chako hawajafika hapo.

Kwa kuwa nyaraka zimetajwa, mjenge na mazoea ya kusoma maelezo ya kila toleo jipya, na si ya hifadhidata tu, hata ya mfumo endeshi chini yake. glibc (maktaba ya msingi ya Linux) 2.28 ya mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio wa herufi. Debian 10 na RHEL 8 zinayo. Mtu anajenga replika kwenye mashine mpya, anahamia kule, na indeksi za maandishi zilizopangwa kwa utaratibu wa zamani zinaanza kukosa rekodi zilizopo, au zinaruhusu marudio kwenye UNIQUE. Hakuna kosa lolote kwenye logi. Waliobaini mapema ni wale waliokuwa wakifuatilia mijadala ya wenzao.

---

jedwali_refu

Mzee hapo umenitia wasiwasi, tuna mpango wa kuhama mwezi ujao kwa njia hiyo hiyo ya replika. Nitajuaje kama mashine zinatofautiana?

---

mzee_wa_logi

Piga hii kwenye zote mbili:

`( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort`

Ikitangulia `11`, hiyo ni glibc ya zamani. Ikitangulia `1-1`, ni mpya. Hakikisha LC_ALL haijawekwa, itakudanganya. Zikitofautiana, ama uhame kwa pg_dump au kwa replika ya kimantiki (inayotuma mabadiliko ya rekodi, si mafaili), kwani zote mbili hujenga indeksi upya kule mwisho, ama uhame kama ulivyopanga halafu upige REINDEX kwa indeksi zote zenye kolamu za maandishi kabla ya kuwafungulia watumiaji. Pima kwanza REINDEX hiyo inachukua muda gani kwenye nakala ya majaribio, ndipo uombe dirisha la matengenezo.